Mtamba wa Baba Pacha

Jumapili, 12 Novemba

Mvua ya kwanza imeshuka leo katekista akiwa kwenye matangazo, na bati la kigango chetu hapa Kitura likapiga kelele mpaka hatukusikia nani anaoa na nani amekufa. Ishara njema. Nimeamua kuandika kuanzia leo. Shajara hii nilipewa na duka la pembejeo kule Mbinga mjini, ina picha ya mfuko wa mbolea kila ukurasa, na mke wangu Albina alikuwa ameanza kuchana karatasi zake kufungia maandazi. Nikamwambia mtu aliyelala Lubumbashi, akaoga Ndola na kunywa chai Tunduma, yote ndani ya wiki moja, hawezi kufa bila kuacha maandishi. Akanijibu kwamba nilikuwa utingo wa lori, sikuwa balozi.

Mimi ni Pankras. Nina darasa la saba na kidato cha kwanza mpaka pale ada ilipokata roho. Mengine nilisomeshwa na barabara. Lakini hapa hakuna anayeniita Pankras. Naitwa Baba Pacha. Pacha wenyewe ni wa marehemu kaka yangu, Placidi na Vitalia, tumbo moja, siku moja. Kaka na shemeji walifariki watoto hawajajua hata kufunga vifungo vya shati, mimi na Albina tukawachukua, maana sisi Mungu hakutupa wa kwetu. Ukoo ulinitaka niongeze mke. Niliwaambia waniongezee kwanza ng'ombe, ndipo tuzungumze, na mpaka leo hawajaleta hata kamba.

Sasa pacha ni watu wazima. Placidi yuko nami kwenye kahawa na ng'ombe. Vitalia anashona mjini na kurudi Jumamosi. Na habari kubwa ni kwamba amepata mchumba, Alphonce, fundi wa mashine za boti kutoka Lundo, kule ziwani. Wazee wake watapanda kuja kwetu mwezi wa kwanza, na ndoa ni baada ya Pasaka. Nimekwisha kuanza kuinoa hotuba.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua. Placidi anachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremko, upande wa kule juu, mimi nasimamia nikiwa nimekaa.

Jumapili, 19 Novemba

Baada ya ibada Scholastica alinishika mkono, akaniomba nipite kwake nikamwangalie mtamba.

Niandike jinsi mambo yalivyo, ili anayesoma asipotee. Kigango chetu kina ng'ombe wa kupokezana. Mtu anapewa ng'ombe wa maziwa, na ndama jike wa kwanza anampa jirani anayefuata, naye akizalisha anampa mwingine. Mimi nilipewa Malkia. Malkia akazaa pacha, dume na jike. Siku ile kigango kizima kilikuja bandani kwangu kuimba. Watu walisema huyu kweli ni Baba Pacha, hata ng'ombe wake wamejua. Nilijiona kama nimewazaa mwenyewe. Dume alipokua tulimuuza, jike nikampa Scholastica, mjane mwenye watoto wanne, kwa hotuba ndefu ambayo wengine bado wanaikumbuka.

Mtamba huyo sasa ni mkubwa, manyoya yanang'aa, shingo nene. Lakini hajawahi kutaka dume hata mara moja. Scholastica alisema wenzake wa umri wake wameshazaa. Aliniambia kwa upole, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Nikamwambia wengine huchelewa. Nikamtania kwamba mtamba anasubiri mchumba mwenye pikipiki. Alicheka kidogo, kisha akarudi kukata matete. Viganja vyake vimejaa mikato ya majani.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua usiku na mchana. Placidi kasema jino linamuuma. Hakuna kingine.

Jumanne, 5 Desemba

Dokta Hasna amekuja na pikipiki, matope mpaka kwenye ushungi. Ni binti wa watu wa Kilwa, afisa mifugo wetu, ana mwili mdogo na mkono usiokosea. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamuuliza habari za Kilwa kama mtu aliyefika huko. (Nimefika. Tulilala chini ya lori.)

Tulimfunga mtamba kati ya miti miwili. Vitalia alikuwepo, alikuja kumpelekea Scholastica gauni la mtoto. Hasna akavaa glovu ya mpaka begani, akaingiza mkono, akapapasa huku anaangalia juu kwenye ukungu. Akatoa mkono, akanawa. Akauliza, "Huyu alizaliwa na pacha dume?"

Nikatoa kifua. Nikasema ndiyo, na ng'ombe mwenyewe ni wangu.

Akashusha pumzi. Akasema huyu hatazaa. Mahali penye mfuko wa uzazi pana kitu kama uzi, na ovari zenyewe, zile zinazotunza mayai, hazikukua, zimebaki kama punje. Kisha akatueleza, na alieleza polepole kwa ajili ya Scholastica. Tumboni mwa ng'ombe, makondo ya nyuma ya pacha hushikana na mishipa ikaungana, damu ya huyu ikaenda kwa yule. Dume huanza mapema kutengeneza korodani zake, na korodani zikishaanza kazi zinatoa homoni. Moja ya homoni hizo kazi yake ni kuzuia njia za kike zisiote ndani ya dume. Inasafiri na damu, inafika kwa jike wakati ovari zake ndio kwanza zinajijenga, na huko nako inafanya kazi ileile, haijui kwamba imefika kwa mwingine. Wala hakukosa matunzo, alimwambia Scholastica. Jambo hili lilikwisha kabla hajazaliwa.

Mimi hapo hapo nikapata mfano. Ni kama lori la saruji limeagizwa na jirani, dereva kakosea njia, kamwaga mzigo wote kwenye shamba lako la maharage. Maharage hayajafanya kosa, lakini hayataota tena. Hasna akasema mfano si mbaya. Akaongeza kitu kuhusu wanyama wengine, na watu, ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu nilikuwa bado naupanga mfano wangu vizuri kichwani.

Scholastica hakulia. Alimfungua mtamba kamba. "Kila asubuhi nilikuwa namwambia," akasema, "ukizaa wewe, mimi nitapumzika."

Basi nikasema mbele ya wote: Malkia ana mimba, mchukue Malkia. Huyu mtamba ni wa kwangu. Sikufikiri. Mambo yangu mazuri yote nimeyafanya bila kufikiri, na mabaya pia, naona hivyo sasa ninapoandika.

Ijumaa, 8 Desemba

Placidi amempeleka Malkia kwa Scholastica. Albina alisubiri mpaka banda lilipobaki na mtamba peke yake. Ndipo akasema, "Umetoa maziwa yetu bila kuniuliza. Na ungeniuliza ningesema toa. Ndiyo maana nakasirika."

Chai ya rangi leo, na kesho, na kesho kutwa.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Tumeamua kwamba mtamba tutamchinja siku ya wageni wa Lundo. Ng'ombe asiyezaa wala kutoa maziwa ni mdomo tu. Albina alisema tununue mbuzi. Nilimwambia watu wa ziwani wanakula samaki mwaka mzima, tuwaonyeshe milima ina nini.

Jumamosi, 13 Januari

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na nyama, kwa kuwa ndipo ilipoanzia.

Walifika adhuhuri: Alphonce, mama yake, na mjomba wake Mzee Florian ambaye ndiye mshenga, mtu mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Walileta kapu la mbasa, samaki wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi. Tuliwaweka sebuleni, mvua nje, moshi wa jikoni ndani, kila mtu ana furaha. Nilisimama nikatoa hotuba. Niliita pacha wangu mbele, nikawashika mabega, nikasema, "Hawa ni Kulwa na Doto, wametoka tumbo moja siku moja, mmoja hajawahi kula mwenzake hajala." Watu wakapiga makofi. Mama Alphonce alitabasamu, akasema hakujua kama mkwewe ana pacha, ni baraka.

Chakula kikaletwa. Placidi anapita na beseni na birika, ananawisha wageni. Vitalia nyuma yake na sinia. Mzee Florian akatafuna, akatafuna tena, akasifu. Kisha akasema nyama hii ni laini mno, si ya dume wala ya ng'ombe mzee. "Ni mtamba huyu, Baba Pacha? Mmechinja mtamba?"

Sasa hilo ni swali la haki. Mtu anayechinja mtamba ama ana wazimu ama anaficha ugonjwa, na mgeni hawezi kuendelea kula bila kujua. Ilibidi nijibu. Ningeweza kusema hakuwa na uzazi, basi, inatosha. Lakini wageni walikuwa wananitazama, nami nilikuwa na mfano wangu wa saruji ambao haukuwa umetumika bado nje ya kilabu.

Nikaanza. Nikawaeleza damu, kondo, homoni ya dume. Nikamwaga saruji yote kwenye maharage. Mzee Florian akacheka mpaka akashika kifua. Mimi nikazidi. Nikainua mfupa juu na kumalizia, nayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema: "Jike akilala tumbo moja na dume, mama yangu, huyo ni wa sufuria. Hazai huyo."

Nilikuwa bado nacheka nilipogundua kwamba nacheka peke yangu.

Mama Alphonce alikuwa anamwangalia Vitalia. Kisha akamwangalia Placidi. Kisha akaweka tonge alilokuwa ameshika pembeni mwa sahani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Placidi alikuwa anammiminia Alphonce maji, na maji yakaendelea kumiminika mpaka beseni likajaa na kufurika kwenye viatu vya mgeni.

Nikasema, eh, huyo ni ng'ombe lakini. Nikasema watu ni mambo mengine. Mzee Florian akaniuliza kwa adabu kabisa, mengine kivipi? Nami, mtu wa Lubumbashi na Ndola, nikaurudisha mfupa sahanini. Nilikuwa nimesoma nusu ya somo tu.

Vitalia aliweka sinia mezani. Akasema, "Karibuni mle, kinapoa." Akatoka.

Jumapili, 14 Januari

Nyama imebaki nyingi. Hakuna aliyeigusa. Albina amewapa mbwa wa watu.

Jumatatu, 22 Januari

Mzee Florian amepiga simu. Amesema wamefika salama, ziwa limechafuka, na kwamba mama yake kijana anaomba muda. Nikamuuliza muda wa nini. Akasema, "Wa kutafakari, ndugu yangu." Nikamtania kwamba kutafakari kukizidi kunaleta mvi. Alikohoa tu.

Vitalia hakurudi Jumamosi.

Jumamosi, 3 Februari

Niliingia kilabuni kwa kikombe kimoja tu cha pombe ya komoni. Bernadi, yule mwenye mashine ya kusaga, akanisogezea kigoda mbele ya watu. "Baba Pacha, tupe ile ya saruji." Kumbe imeshafika. Imefika kwa sababu niliipeleka mwenyewe: mwezi mzima wa Desemba nilikuwa naisimulia hapo hapo, kwenye kigoda kile kile. Sasa wanaiomba kama wimbo.

Nikakataa. Bernadi akaisimulia yeye, na akaisimulia vizuri kuliko mimi. Ila maharage yamebadilika, yamekuwa msichana. Walicheka, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi pia huwa sina nia mbaya.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Albina anachambua maharage ya kesho. Nikamwambia yanayosemwa. Alikuwa ameyasikia zamani, kisimani. Akachambua weee, kisha akasema, "Mimi nilizaliwa peke yangu."

Nilidhani ataendelea. Akatupa kokoto mlangoni. Nimekaa na mwanamke huyu miaka yote hii, nikijisifu kila kilabu kwamba ukoo ulitaka niongeze mke nikakataa. Sikuwahi kujiuliza kama anapenda kusikia hadithi hiyo.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Mvua. Placidi amechimba mfereji kuzunguka banda tupu.

Anakula jikoni sasa. Nilimfuata huko nikamuuliza kulikoni. Alijibu bila kuinua macho kwamba hana neno nami. Kisha akasema, "Kama ni kweli, basi aliyemharibu dada ni mimi."

Nikamwambia si kweli. Akaniuliza nimejuaje. Wote wananiuliza nimejuaje.

Nimempigia Dokta Hasna.

Jumamosi, 24 Februari

Nimeshuka Lundo na Hasna. Alikubali kuja siku yake ya mapumziko, na njia nzima hakunilaumu, jambo ambalo ni baya kuliko lawama. Basi mpaka Mbamba Bay, lami safi, milima inashuka kama ngazi. Kutoka hapo bodaboda kufuata ziwa, matope, tukashuka mara kadhaa kusukuma. Ziwa lilikuwa la rangi ya bati kuukuu. Placidi alikuja nasi. Sikumwomba.

Mama Alphonce tulimkuta uwanjani na vichanja vyake vya dagaa. Jua likichomoza anafunua turubai, wingu likija anafunika. Nusu ya dagaa ilikuwa imeshaanza kunuka. Hakutukatalia viti. Alphonce alikaa kwenye ndoo, anafuta mikono yenye grisi kwa kitambaa kilichochafuka zaidi ya mikono yenyewe. Mzee Florian akatufungulia mazungumzo.

Hasna alieleza, safari hii mimi nikasikiliza mpaka mwisho. Yaliyompata mtamba ni ya ng'ombe, kwa sababu kwa ng'ombe makondo ya pacha hushikana mapema na mishipa ikaungana, wakati ovari za jike bado zinajijenga. Kwa binadamu, pacha wa kike na wa kiume kila mmoja ana kondo lake na mishipa yake, hata makondo yakibanana mishipa haiungani. Homoni ya kaka inabaki kwa kaka. Dada anajenga ovari zake mwenyewe kwa wakati wake, kama msichana mwingine yeyote. Akasema wanawake waliozaliwa pacha na kaka zao wapo wengi na wanazaa, hata yeye ana shangazi wa namna hiyo mwenye watoto saba.

Nilimwona Placidi akifumba macho.

Mama Alphonce alisikiliza yote. Alikuwa na heshima, na alikuwa anaogopa, nililiona hilo. Alphonce ndiye mwanawe pekee aliyebaki. Wawili walichukuliwa na ziwa. Akafunika dagaa, akakaa tena.

"Binti yangu," akamwambia Hasna, "wewe ndiye uliyesema hazai, nasi tukaamini. Leo ni wewe wewe unasema anazaa. Tukuamini mara ngapi?"

Hasna akasema la kwanza lilikuwa la ng'ombe. Mama Alphonce akajibu hakuambiwa na ng'ombe, aliambiwa mezani, na baba wa binti, anacheka. Mzazi hamsingizii mtoto wake. Kama baba mwenyewe amesema mbele ya wageni, basi analijua jambo, na sasa amekuja na mtaalamu kulifunika.

Nikapiga magoti. Mimi, kwenye matope ya dagaa. Nikamwambia mama, mimi ni mpumbavu, nilisema ili mcheke. Alinishika kiwiko aniinue, mkono wake unanuka samaki na moshi. "Najua, ndugu yangu," akasema. "Lakini nikilala nasikia lile neno lako la sufuria."

Mvua ikaanza. Tukamsaidia kufunika.

Wakati wa kurudi Placidi alimuuliza Hasna tena, nyuma ya basi, kwa sauti ya chini, kama kweli mishipa haikuunganika. Hasna akamwambia haikuunganika. Akauliza tena tukiwa tunashuka Mbinga stendi. Hasna akamjibu tena, kama mara ya kwanza.

Jumamosi, 2 Machi

Alphonce amepanda mwenyewe, bila mshenga. Nikampenda kwa hilo. Vitalia naye alikuwa amerudi, mara ya kwanza tangu siku ile. Waliketi barazani, sisi ndani, na bati likiwa limenyamaza kidogo tulisikia kila neno, Mungu atusamehe.

Alimwambia anampenda. Alimwambia mama yake halali. Akasema kuna hospitali wana kipimo cha picha, hakiumi, wataona ovari zipo, karatasi itaandikwa, mama atatulia, na ndoa itakuwa vilevile.

Vitalia akaondoa kipande cha uzi kwenye gauni lake. Kisha akamuuliza kama yeye naye atapimwa.

Alphonce akasema yeye hakuna aliyemsema.

"Nilikuwepo siku Dokta alipompima yule mtamba," Vitalia akasema. "Tulimfunga kati ya miti miwili. Hakuwa na kosa, lakini tulimfunga. Leo utanipima uzazi, kesho nikichelewa mwezi mmoja utanipima tena, na mama yako atakuwa anahesabu. Nenda, Alphonce. Si kwa ubaya."

Alibaki palepale kama mtu aliyekosa basi. Vitalia alimpa mwavuli wake, maana mvua ilikuwa imerudi. Nilitaka kutoka nimzuie mmoja wao, yeyote. Albina akanishika shati kwa nyuma. "Umekwisha kusema vya kutosha mwaka huu," akasema.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Hii ndiyo ingekuwa wiki ya maandalizi. Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Mzee Florian kapiga simu. Hakutaka nisikie kwa watu. Wamepeleka posa nyumba moja huko Lipingo. Nikasema Mungu awabariki. Nikatafuta neno la kuchekesha la kufungia simu, kama ilivyo kawaida yangu, sikulipata. Tulikaa tunasikiliziana mvua, yake na yangu, mpaka salio lake likaisha.

Nilimwambia Vitalia mwenyewe, nilikwenda mjini kwenye cherehani yake. Alikuwa anashona gauni la harusi la mtu. Aliitikia kwa kichwa, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Akasema, "Ahsante kwa kuja, Baba mdogo." Wateja walikuwepo. Mmoja alinitambua, akaanza kutabasamu, anasubiri.

Nikavaa kofia yangu. Nikaaga.

Alhamisi, 9 Mei

Malkia amezaa kwa Scholastica. Tulikuwa pale wote, Hasna akiwa amelala ubavu kwenye majani, mkono ndani. Kila mtu alikuwa anaogopa jambo moja na hakuna aliyelitaja, kwa sababu ng'ombe aliyewahi kuzaa pacha huweza kuzaa tena pacha. Akatoka mmoja. Hasna akarudisha mkono, akapapasa, akapapasa. Hakuna mwingine. Akamwangalia ndama nyuma: jike.

Scholastica alikaa chini kwenye mavi na kulia kama mtoto. Sasa ndipo alipolia.

Hakuna aliyeimba.

Jumapili, 26 Mei

Mvua zimekwisha. Asubuhi ukungu ulikuwa chini bondeni, sisi tuko juu yake kwenye jua, na kahawa imeanza kuwa nyekundu kwenye matawi ya chini.

Kikundi cha ng'ombe kilikaa baada ya ibada, kupanga ndama wa Malkia aende kwa nani atakapoacha kunyonya. Vitalia akasimama nyuma kabisa, na watu wakageuka. Akasema anaomba yeye. Anarudi kukaa kwenye nyumba ya marehemu baba yake, Placidi ameshaanza kuipiga udongo, cherehani ataileta huku. Mzee mmoja akauliza, kwa kumbukumbu tu, aandikwe kama mke wa nani. Vitalia akasema aandikwe Vitalia. Scholastica akanyoosha mkono wa kwanza kukubali. Wa pili alikuwa Albina. Mimi nikanyoosha yote miwili, ikabidi nishushe mmoja.

Jioni tulikwenda kumwona ndama. Ana doa jeupe kwenye paji na miguu bado haijaelewana. Alinyonya kidole cha Vitalia. Nilisimama kando, kofia mkononi, na mifano ilikuwa inanijia kichwani mmoja baada ya mwingine, mizuri, yenye malori na isiyo na malori.

Vitalia hakunigeukia. "Baba mdogo," akasema, "huyu amezaliwa peke yake. Lakini naomba usimwambie mtu hata hilo."

Nikasema sawa, mwanangu.

Njiani Bernadi alinipita na gunia lake kwenye baiskeli, akafunga breki, akapiga kengele, uso umeshaanza kucheka. Akaniuliza, "Baba Pacha, tumesikia Malkia kazaa. Kazaa nini safari hii?"

Nikamwambia, ndama.

Akasubiri. Alisubiri muda mrefu, mguu mmoja chini, mpaka cheko likamwisha. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda.